Mzinga Mezani: Mwongozo Kamili wa Kuingiza Mizinga ya Baruti katika Mchezo wa Wahusika

Mtu akitamka neno "mzinga" hapa Tabora, wanaofikiriwa kwanza ni nyuki. Jumamosi moja, tulipokuwa tumeketi chini ya mwembe na ramani yetu imetandazwa mezani, babu jirani ambaye maisha yake yote ametundika mizinga ya magome katika misitu ya miombo alitusikia tukibishana kuhusu mzinga unaobomoa ukuta, akasimama. Tulimwamkia, tukamweleza kwamba tunazungumzia mizinga ya vita, tena ya kubuni. Hakucheka. Alituuliza swali moja tu: mzinga huo unabebwa na watu wangapi? Hatukuwa na jibu, na kukosa jibu hilo ndiko kulikonifanya niandike upya kanuni zangu zote.

Mwongozo huu unamlenga msimulizi, yaani yule anayeendesha mchezo wa wahusika wa mezani (mchezo ambao kila mchezaji huigiza mhusika wa kubuni na dadu huamua matokeo), ambaye ulimwengu wake wa panga, mikuki, majoka na waganga unakaribia kupata baruti. Nimechukulia kwamba kanuni unazotumia zina dadu ya pande 20 kwa ajili ya kulenga, pointi za uhai kwa kila mhusika, na mapigano yanayogawanywa katika duru za sekunde 6. Asiye na dadu za pande nyingi asikate tamaa: karatasi 20 zilizoandikwa namba na kutiwa ndani ya kopo tupu la asali hufanya kazi ileile, mradi kila karatasi irudishwe kabla ya kuchomoa nyingine.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu wasimulizi wengi hulirudia. Nilianza na madhara, yaani pointi za uhai anazopoteza aliyepigwa, ambazo ni jumla ya dadu zinazotupwa. Niliandika kwamba mzinga unatupa dadu 10 za pande 10, nikaweka bei, nikadhani kazi imekwisha. Wachezaji wakanunua miwili, wakaikokota kila mahali kana kwamba ni vikapu vya maembe, na kwa vikao vitatu mfululizo kila mlango, kila jambazi na kila mfalme mkaidi akajibiwa kwa tufe la chuma. Nilipunguza madhara, lakini hakikubadilika kitu ila jambo moja: mzinga ukawa upinde wenye kelele. Ndipo swali la babu likanifungua macho. Mzinga haupaswi kuanza kama silaha, bali kama msafara wenye mzigo mzito, watu, chakula, mafahali na barabara, ambao mwisho wake, mambo yote yakienda sawa, hutoa mlio. Kanuni zote zinazofuata zimejengwa juu ya wazo hilo, ndiyo maana madhara nimeyaweka nyuma.

Hatua ya kwanza: chagua umri wa mzinga

Baruti ilijulikana China tangu karne ya 9, lakini mizinga haikuzaliwa ikiwa kamili. Ile mikubwa ya mwanzo huko Ulaya ilitengenezwa kama pipa: vyuma virefu vilipangwa kuzunguka tundu, kisha vikabanwa kwa pete za chuma zilizopigwa zikiwa za moto. Mons Meg, mzinga wa mwaka 1449 ambao hadi leo umehifadhiwa katika ngome ya Edinburgh, ni wa aina hiyo. Una uzito unaozidi tani 6 na ulirusha matufe ya mawe yenye kilo 175 hivi. Zama ya pili ni ya mitutu iliyosubiwa kwa bronzi, ikawekwa juu ya gari la magurudumu mawili na kurusha matufe ya chuma. Jeshi la Mfalme Charles VIII wa Ufaransa lilipoingia Italia mwaka 1494 lilikuja na mizinga ya namna hiyo, na ngome zilizozoea kuzingirwa kwa miezi zikaanguka kwa siku chache. Zama ya tatu, ya karne ya 18, ni ya mizinga myepesi inayokimbizana na jeshi uwanjani.

Ushauri wangu ni kusimama kwenye mpaka wa zama ya kwanza na ya pili. Mfalme mmoja awe na zimwi la pete za chuma ambalo kulisogeza ni kazi ya msimu mzima, na miji miwili au mitatu iwe na mizinga ya bronzi. Zama ya tatu iache, kwa sababu ikishafika, mpanda farasi mwenye deraya hana tena kazi katika hadithi yako.

Amua pia ni nani anayejua kusubu. Hapa historia ina zawadi: fundi Orban, mtu wa Hungaria, alimwendea kwanza mfalme wa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, akitaka kazi, lakini mfalme hakuwa na uwezo wa kumlipa, akaenda kwa Sultani Mehmed II wa Waturuki, akamsubia mzinga mkubwa, na mwaka 1453 mzinga huo ukaelekezwa kwenye kuta za mji uleule. Fundi mmoja anayetafuta mwajiri ni kisa cha vikao vinne bila risasi hata moja kupigwa. Wahusika wamlinde, wamteke au wamlipe deni lake. Kila uamuzi utabadilisha ramani.

Hatua ya pili: baruti iwe na asili, na iwe na uzito

Baruti hutokana na vitu vitatu: shura, kiberiti cha madini na mkaa. Mchezo hauhitaji vipimo vya kuvichanganya, wala wachezaji hawahitaji kuvijua. Kinachohitajika ni mahali vinapotoka. Mkaa uko popote penye msitu. Shura hukusanywa kwenye udongo wa mazizi ya zamani, kwa hiyo wafugaji wanayo bila kujua thamani yake. Kiberiti hupatikana hasa karibu na milima ya volkano, na wengi watalazimika kukinunua kutoka mbali. Weka alama tatu kwenye ramani, uzitenganishe kwa safari ya siku nyingi, kisha ujiulize ni nani anayemiliki njia.

Kwetu Unyamwezi jambo hilo halihitaji kubuniwa. Katika karne ya 19 magobori na baruti vilipanda kutoka pwani kwa misafara, pembe za ndovu zikateremka, na mtemi Mirambo alipoingia vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, mwaka 1871 njia ya kuelekea Ujiji ikafungwa. Mtu mmoja aliyekaa katikati ya barabara aliweza kuamua nani anapata risasi. Mpe mtawala mmoja wa ulimwengu wako nafasi ya namna hiyo, na wachezaji wako watajifunza siasa kabla ya kujifunza kulenga.

Kipimo ninachotumia kinaitwa mzigo. Mzigo mmoja ni kilo 30, kiasi ambacho mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa akitembea nacho siku nzima kichwani au begani. Usihesabu gramu wala vikombe, bali hesabu mizigo, na kila mzigo uwe na mtu anayeubeba, anayekula na anayeweza kutoroka usiku.

Kuna kanuni moja ya hiari ambayo mimi naipenda kuliko zote. Baruti ya zamani ilikuwa unga, na ulipotikiswa njiani viungo vyake vilijitenga, kizito kikashuka chini na chepesi kikabaki juu. Baadaye, katika karne ya 15, mafundi walianza kuifinyanga na kuivunja kuwa chenga ambazo hazijitengi na huwaka kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo baruti ya unga iliyosafiri zaidi ya siku 5 ichanganywe upya kabla ya kutumika, kazi ya saa nzima inayofanywa mbali na moto, la sivyo kila pigo lipunguziwe dadu 2 za madhara. Siri ya chenga iwe hazina ambayo wahusika wanaweza kuiiba. Nimeona wachezaji wakihatarisha maisha kwa ajili ya siri hiyo kuliko walivyowahi kuhatarisha kwa ajili ya upanga wa dhahabu.

Hatua ya tatu: mizinga mitatu inatosha

Mzinga mdogo wa ukutani una mtutu wa kilo 100 hivi na hurusha tufe la nusu kilo. Watu wanne hubeba mtutu wake kwenye miti, na mzigo mmoja wa baruti na matufe hutosha mapigo 40. Hutupa dadu 3 za pande 10, hufika mita 200 vizuri na mita 400 kwa kubahatisha.

Mzinga wa gari ndio moyo wa kanuni hizi. Mtutu wake peke yake ni nusu tani na zaidi, tufe lake lina kilo 5 na nusu, na kila pigo hula theluthi moja ya uzito huo kwa baruti. Kwa hesabu hiyo mapigo 15 yanahitaji mzigo 1 wa baruti na mizigo 3 ya matufe, yaani wapagazi 4. Zingatia tofauti iliyopo hapa: baruti inagawanyika katika vichwa vya watu, lakini mtutu haugawanyiki. Unahitaji jozi 3 za mafahali, barabara, na daraja linalostahimili. Madhara yake ni dadu 6 za pande 10, na umbali wake ni mita 800 kwa uhakika na 1,500 kwa kubahatisha.

Mzinga mkuu hauingii katika mapigano hata kidogo. Ule wa Orban uliweza kupigwa kama mara 7 kwa siku, kwa kuwa mtutu ulihitaji muda wa kupoa. Kwa hiyo wako upige mara 7 kutoka alfajiri hadi magharibi, kila pigo likiteketeza mizigo 2 ya baruti na tufe la jiwe ambalo mwashi amelichonga palepale. Hutupa dadu 12 za pande 10, dhidi ya kuta tu. Kuhusu mwendo wake, masimulizi ya wakati ule yanataja ng'ombe 60 na mamia ya watu, na safari ya kutoka Edirne hadi Konstantinopoli, kama kilomita 240, ilichukua karibu miezi miwili. Huo ni wastani wa kilomita 4 kwa siku. Mzinga huo ungehitaji siku 100 hivi kutoka Tabora hadi Kigoma, safari ambayo reli, tangu ilipofika ziwani mwaka 1914, imeifanya kuwa ya kulala na kuamka.

Na mafahali wenyewe wana adui. Msitu wa miombo una mbung'o, na palipo na mbung'o ng'ombe hawadumu. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya misafara ya huku iende kwa miguu ya watu. Katika ulimwengu wako teua misitu fulani kuwa ya mbung'o, na kwa kila siku ndani yake tupa dadu ya pande 6 kwa kila jozi ya mafahali: ikitoka 1, jozi hiyo imeugua. Jozi zikipungua chini ya 3, mzinga wa gari husafiri nusu ya mwendo. Zikiisha, wahusika wataamua wenyewe kama watavuta kwa kamba, watarudi, au watauacha.

Hatua ya nne: kupakia ni kazi ya watu wengi

Wasimulizi wengi husema tu kwamba mzinga unachukua duru fulani kupakiwa. Kanuni hiyo ni rahisi lakini imekufa, kwa sababu haimpi mchezaji la kufanya. Badala yake, pima kazi. Kila mtu anayehudumu mzingani huchangia kazi 1 kwa duru. Mzinga mdogo unahitaji kazi 8 na unahudumiwa na watu wasiozidi 2. Mzinga wa gari unahitaji kazi 20 na watu wasiozidi 4. Wanne wakiwa kamili, mzinga wa gari utapiga kila baada ya duru 5, yaani mara 2 kwa dakika, jambo ambalo wapiga mizinga waliofunzwa waliliweza kweli. Wawili wakiuawa, muda unakuwa maradufu, na hapo ndipo mhusika mwenye upanga atakapouweka chini na kushika mdeki, mti wa kushindilia.

Sisi tunahesabia kwenye bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, nasi huzitia komwe ndani ya shimo la nyumba, moja kwa kila kazi, mbele ya macho ya wote. Zikifika 20, anayeshika utambi husema "tayari". Sijapata kuona chombo kinachowatia watu hofu tamu kama shimo lenye komwe 17 huku adui akiwa umbali wa duru moja.

Gawa kazi 20 za mzinga wa gari katika sehemu nne ili msimulizi ajue kinachoendelea: kazi 4 za kusafisha mtutu kwa sponji yenye maji, 6 za kutia na kushindilia baruti na tufe, 4 za kutia baruti ya kuwashia kwenye kitundu, na 6 za kuurudisha mzinga mahali pake na kuuelekeza, kwani kila pigo huusukuma nyuma. Kusafisha kunaweza kurukwa. Watu walitumia sponji yenye maji ili kuzima makaa yaliyosalia ndani. Anayeruka hatua hiyo huokoa kazi 4, lakini atupe dadu ya pande 6, na ikitoka 1 baruti mpya itawaka mdekini mwa mtu aliyekuwa akishindilia. Atapata madhara ya dadu 4 za pande 10, na mezani kutakuwa kimya.

Hatua ya tano: kulenga

Mzinga haulengi kama upinde. Pigo la kwanza ni la kuuliza, la pili ni la kusahihisha. Anayelenga hutupa dadu ya pande 20 na kuongeza maarifa yake; kila pigo la kutoka mahali palepale kuelekea shabaha ileile humwongezea 2, hadi kufikia 6. Shabaha ikihama au mzinga ukisogezwa, nyongeza zote zinafutika. Dhidi ya kiumbe kinachotembea, tupa dadu mbili na uchukue iliyo ndogo.

Tufe likishatoka, lichukulie kama mstari. Weka rula juu ya ramani kutoka mdomo wa mtutu. Tufe la chuma hudunda ardhini na kupita katika safu nzima ya watu, kwa hiyo kila aliye kwenye mstari ajaribu kukwepa kwa kufikisha 15. Wa kwanza kushindwa hupata dadu 6 za pande 10, wa pili 5, wa tatu 4, hadi nguvu iishe. Ardhi ikiwa tope tufe halidundi, hivyo linaishia kwa wa kwanza. Kwa umbali mfupi tumia marisau, vipande vidogo vingi vinavyotapanyika kwa umbo la pembetatu yenye urefu wa mita 150: kila aliyemo hupata dadu 4 za pande 8, au nusu yake akikwepa kwa 14. Marisau hayana maana yoyote dhidi ya ukuta, na wachezaji wataligundua hilo wenyewe mara moja tu.

Hatua ya sita: hitilafu, moshi na mvua

Mwaka 1460 Mfalme James II wa Uskoti aliuawa na mzinga wake mwenyewe uliopasuka karibu naye wakati wa kuizingira Roxburgh. Kupasuka ni lazima kuwepo katika kanuni, lakini kusiwe bahati mbaya inayodondoka kutoka mbinguni. Dadu ya kulenga ikitoka 1, mzinga unapata ufa. Nyufa zionekane na ziandikwe. Mzinga wenye nyufa 3 utapasuka 1 inayofuata itakapotoka, na wote walio ndani ya mita 5 watapata madhara yake kamili. Hivyo wachezaji wenyewe ndio wanaochagua kuendelea kupiga mzinga wenye nyufa, na lawama haikurudii wewe.

Baruti ya aina hii hutoa moshi mzito mweupe. Baada ya kila pigo eneo la mita 10 mbele ya mtutu halionekani kwa duru 3, na mizinga mingi isiyo na upepo itajifunga macho yenyewe. Kuhusu unyevu, iga kalenda ya huku: kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zinanyesha, na kwa kila siku ya mvua safarini tupa dadu ya pande 6 kwa kila mzigo wa baruti usiofunikwa kwa ngozi, ikitoka 1 au 2, mzigo huo umelowa hadi uanikwe. Majenerali wa ulimwengu wangu hupigana kiangazi. Sikuwahi kuwaamuru; wachezaji walioongoza majeshi walifikia uamuzi huo baada ya masika mawili.

Hatua ya saba: kuta

Gawa ukuta katika vipande vya mita 3, kila kimoja na pointi 200 na ugumu wake. Ugumu hukatwa kutoka kila pigo. Ukuta mrefu wa mawe una ugumu 15. Mzinga wa gari, ambao wastani wake ni 33, utaondoa 18 kwa pigo, hivyo mapigo 12 yatafungua upenyo. Mzinga mkuu, wenye wastani wa 66, utafungua kwa mapigo 4, kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza kwisha.

Ukuta mnene wa udongo ni jambo jingine. Jiwe huvunjika, udongo humeza. Madhara yagawanywe kwa mbili kwanza, kisha yakatwe ugumu 10: mzinga wa gari unabaki na 6 au 7 tu kwa pigo, yaani mapigo kama 30, na mzinga mkuu unahitaji mapigo 9, siku mbili. Usiku walio ndani wanaweza kurudishia pointi 40 kwa majembe. Wahandisi wa Italia walilielewa hilo walipoanza kujenga kuta fupi, nene, zilizojazwa udongo, zenye buruji zinazochomoza pembeni ili kila upande wa ukuta ulindwe na mizinga ya upande mwingine. Mfano ulio karibu nasi ni Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Katika ulimwengu wako, kasri refu la mawe litakuwa la kizamani ghafla, na kijiji chenye kuta za udongo na uzio wa minyaa kitadumu kuliko mnara wa mfalme. Wachezaji wangu, waliotoka vijijini, walitabasamu walipogundua hilo.

Ndani ya ngome yoyote yenye mizinga kuna ghala la baruti, na ghala ndilo shabaha bora kuliko zote. Likiwaka, hesabu mizigo iliyomo: mlipuko unaenea mita 3, pamoja na mita 1 kwa kila mzigo, na hutupa dadu 2 za pande 10 kwa kila mzigo, zisizidi dadu 20. Lakini mlango wa ghala unafunguka pande zote mbili. Mtemi Isike wa Unyanyembe, ngome yake ilipoingiliwa na jeshi la Wajerumani mwaka 1893, alilipua ghala lake la baruti akiwa ndani. Mtawala wako aliyeshindwa naye ana uamuzi huo mkononi, na wahusika wanaoingia kwa ushindi katika ua wake wafahamu kwamba bado hajasalimu amri.

Hatua ya nane: waganga na majoka

Mchezaji mwenye mganga atauliza, kwa haki kabisa, kama moto wake hauwezi kulipua kila pipa la baruti analoliona. Jibu langu ni kwamba baruti iliyo wazi huwaka palepale, lakini pipa lililofungwa na kuvikwa ngozi mbichi huwaka tu dadu ya pande 6 ikitoka 1 au 2. Kwa upande mwingine, mganga ni hazina kwa wapiga mizinga: anaweza kukausha mizigo iliyolowa, kuita upepo wa kuondoa moshi, au kuziba mlio ili mzinga upige bila adui kujua umetoka wapi. Nguvu ndogo ndogo za aina hiyo, ambazo wachezaji walikuwa wamezisahau, zimepata kazi kwetu kuliko moto wenyewe.

Swali la kwa nini mfalme anunue mzinga wakati ana waganga lina jibu la kihesabu. Mganga hulelewa kwa miaka. Wapiga mizinga wanne hufunzwa kwa wiki chache, na akifa mmoja anapatikana mwingine. Waganga wa ulimwengu wako wanalijua hilo, na si wote watalifurahia.

Kuhusu majoka, huna haja ya kuongeza kanuni. Joka linatembea, kwa hiyo kila pigo hutupwa dadu mbili na kuchukuliwa ndogo, na nyongeza za kulenga hazikusanyiki. Joka lililolala ni shauri lingine. Lakini anayetaka kulikuta limelala afikishe kwanza nusu tani ya bronzi mlangoni mwa pango bila kuliamsha.

Kikao cha kwanza

Usiwape wachezaji mzinga na vita siku hiyohiyo. Wape mzinga wa gari mmoja, mafahali jozi 4, wapagazi 8, mizigo 2 ya baruti na 6 ya matufe, na ngome inayosubiri msaada umbali wa siku 12. Njiani weka mto mmoja usio na daraja, msitu mmoja wa mbung'o, mvua ya siku 2, na wapagazi wanaodai posho yao mapema. Adui asitokee hadi siku ya 9. Andaa daftari lenye safu nne: mafahali, wapagazi, mizigo mikavu, nyufa. Mchezaji mmoja alishike daftari hilo kwa zamu, na lisomwe kwa sauti kila jioni ya mchezo.

Katika daftari hilohilo andika mahali mzinga ulipo, hasa ukiachwa. Kundi letu la kwanza lilipoteza mafahali wote msituni, likauzika mtutu mchangani karibu na kivuko ili adui asiupate, likaenda kwenye ngome mikono mitupu. Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Alama ya kivuko bado iko kwenye ramani, na kila mchezaji mpya anayeketi chini ya mwembe huuliza ng'ombe ni bei gani.